Binti yangu kiziwi ana miaka minane na bado ananakili ubao tu: nafasi ya shule maalumu inapatikanaje huku Lindi na Mtwara?

Mkulima wa Ufuta (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mkulima wa ufuta na korosho katika kijiji kimoja mkoani Lindi. Nina binti wa miaka minane ambaye aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa hajatimiza miaka miwili, akapona, lakini masikio hayakurudi. Hadi leo neno pekee tunaloweza kusema ni lake ni sauti moja fupi anayomwitia mama yake. Mwaka jana tulimwandikisha darasa la kwanza katika shule ya kijiji, kwa sababu mwalimu mkuu alituambia, tena kwa wema kabisa, kwamba siku hizi elimu ni jumuishi na hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani kwa ajili ya ulemavu wake.

Juzi mvua ilinizuia kwenda shamba, nikakaa barazani na kufungua daftari lake la hesabu. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wa kaka yake aliye darasa la nne. Kila ukurasa una tarehe, neno "Zoezi", mstari uliopigwa kwa rula, na majibu karibu yote yamewekewa vema. Nilipofika katikati nikaona kwamba jina lililoandikwa juu ya ukurasa si lake, ni la mtoto anayekaa naye dawati moja, na kurasa kumi na moja zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Binti yangu ananakili kila kinachowekwa mbele ya macho yake, hata jina la mwenzake, na hajui kwamba yale ni majina. Mwalimu wake ana watoto zaidi ya tisini darasani, kwa hiyo simlaumu, na vema zile alizitoa kwa haki maana majibu yalikuwa sahihi.

Nimekuwa nikitafuta nafasi ya shule ya viziwi tangu mwaka juzi. Nilipeleka barua katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nikaambiwa nisubiri. Fedha ya kufuatilia mambo huwa ninaipata baada ya mnada wa ufuta, yaani mwezi wa sita au wa saba, na nilipofika mwezi wa sita nikakuta watu wote wamezama katika kufunga mwaka wa fedha, nikaambiwa nirudi baada ya Sabasaba. Niliporudi, aliyepokea barua yangu alikuwa amehamishwa, na aliyekuja baada yake alilitafuta faili mbele yangu, kwa uungwana, mpaka jasho likamtoka, asilione. Nikaandika upya. Januari ikafika, nikajibiwa kwa mdomo kwamba shule zimejaa.

Nawauliza wenye uzoefu: ni nani hasa anayeamua kwamba mtoto huyu aende shule ile? Je, mzazi anaweza kwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu wa shule maalumu? Na je, ni busara kumpeleka bweni mtoto wa kike wa umri huu, asiyeweza hata kueleza lililompata? Hili la mwisho ndilo linalomkosesha usingizi mama yake, na mimi pia, ingawa sijamwambia.

Mwalimu wa Kitengo

Mzee wangu, shikamoo, na pole sana kwa mzunguko huo. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu mkoani Mtwara na nimefundisha viziwi kwa miaka kumi na mitatu. Daftari ulilolieleza ninalijua. Nimeletewa mengi ya namna hiyo na wazazi waliokuja kuniambia kwamba mtoto wao ana akili sana, na ni kweli wana akili, kwani kunakili kwa mwaka mzima, bila kukosea, alama usizozijua maana yake si kazi ndogo.

Nianze na sheria, kwa sababu wazazi wengi wakishaambiwa "elimu jumuishi" hudhani mjadala umekwisha. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaelekeza kwamba mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, iwe ya serikali au ya binafsi, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayomhusu binti yako, na ningependa uyaandike katika barua yako yalivyo. Mtoto aliyepoteza usikivu kabla hajajifunza kusema anahitaji lugha kabla ya kitu kingine chochote, na lugha hiyo ataipata pale penye viziwi wenzake wanaozungumza Lugha ya Alama ya Tanzania kutwa nzima, uwanjani, mezani na bwenini, pamoja na mwalimu anayeijua. Kumketisha dawati la mbele hakumsaidii, maana hata akikaa mapajani pa mwalimu hatasikia.

Kwetu kuna shule maalumu, ambazo huchukua watoto wenye aina moja ya ulemavu au zaidi na mara nyingi zina bweni. Kuna vitengo, yaani madarasa maalumu ndani ya shule ya kawaida, vingine vikiwa na bweni na vingine bila bweni. Halafu kuna darasa la kawaida, ambalo ndilo alilomo binti yako sasa. Shule maalumu zilianza chache na zimebaki chache: ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1950, na ya viziwi ya Tabora mwaka 1963, na kwa miaka mingi mtoto wa Liwale au Newala aliyepata nafasi alikuwa anavuka nchi kwenda kusoma. Leo vitengo vipo karibu zaidi, ila vitanda havijalingana na watoto. Kwa sensa ya mwaka 2022 mikoa yetu miwili ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.8, na kitaifa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka saba na kuendelea walikuwa na ulemavu wa aina fulani. Hata ukiondoa watu wazima, na watoto wanaoweza kabisa kusoma katika darasa la kawaida, bado utaelewa kwa nini uliambiwa kwamba shule zimejaa.

Sasa njia yenyewe. Jambo la kwanza ni hospitali. Anza na hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Lindi ni Sokoine na kwa Mtwara ni Ligula, na uombe masikio yachunguzwe na usikivu upimwe. Kama kipimo hakifanyiki siku hiyo au mahali hapo, utaandikiwa rufaa, na rufaa hiyo ni karatasi ya kuitunza. Usiruke hatua hii kwa kuwa "tunajua ni kiziwi". Nimewahi kupokea mtoto aliyeletwa kama kiziwi, kumbe masikio yote mawili yalikuwa yakitoa usaha tangu utotoni. Alitibiwa, akapata usikivu wa kutosha, na leo yuko sekondari ya kata pamoja na ndugu zake. Angebaki kwetu tungemnyima mengi.

Baada ya hospitali ni upimaji wa kielimu, ambao hufanywa na mwalimu mwenye taaluma ya elimu maalumu, iwe katika kituo cha upimaji au katika kitengo kilicho karibu nawe. Hapa mtoto hapewi mtihani wa kushinda na kushindwa. Tunamwangalia jinsi anavyolinganisha picha, anavyochora mtu, anavyoomba kitu asichokifikia, anavyocheza na mwenzake, kisha tunaandika taarifa inayosema anahitaji nini na ni mazingira ya namna gani yatakayompa. Nawasihi wazazi: msikubali taarifa inayotaja ulemavu peke yake. "Ni kiziwi" haimsaidii anayegawa nafasi. Inayomsaidia ni ile inayosema kwamba mtoto hana lugha yoyote, umri wake unakwenda, na anahitaji mahali penye lugha ya alama muda wote.

Taarifa zote mbili huenda kwa afisa anayesimamia elimu maalumu katika halmashauri yako, aliye chini ya Afisa Elimu wa shule za msingi. Kama ndani ya halmashauri hakuna shule inayofaa, huandikwa barua kwenda halmashauri yenye shule hiyo, kwa kuwa shule za msingi za serikali zinamilikiwa na halmashauri, na mwalimu mkuu hana mamlaka ya kumpokea mtoto wa wilaya nyingine kwa kuzungumza na mzazi getini. Huenda hapo ndipo faili lako lilipopotelea, kati ya ofisi mbili zisizoonana. Hata hivyo, kumpigia au kumtembelea mwalimu mkuu hakukatazwi, na mimi huwashauri wazazi wafanye hivyo mapema, kwa sababu yeye ndiye anayejua kama kitanda kipo. Darasa la saba hufanya mtihani mwezi wa tisa na kuondoka, na kuanzia hapo shule inajua ni nafasi ngapi zimebaki. Barua inayofika mwezi wa kumi inakuta nafasi, lakini ile ya Januari inakuta magodoro ya watu yameshatandikwa.

Kwa hiyo mwaka huu usisubiri mtu akukumbuke. Kila barua itoe nakala, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, uandike kumbukumbu namba na tarehe, na uombe uoneshwe kitabu cha dispachi kwamba barua imetoka kwenda halmashauri ya pili. Afisa akihamishwa, namba ile haihami naye.

Mama wa Bajaji Moja

Nimesoma maelezo ya mwalimu na nayaheshimu, ila ningependa wazazi wengine wanaopita hapa wasiondoke wakidhani kwamba kila mtoto mwenye ulemavu mahali pake ni bweni. Mimi ninaishi Mtwara mjini na mwanangu wa kiume ana usonji (autism). Alipokuwa na miaka saba niliandikiwa karatasi, baada ya mazungumzo ya dakika chache mlangoni mwa ofisi, iliyosema ana "mtindio wa ubongo na akili" na kwamba apelekwe shule maalumu ya bweni nje ya mkoa. Mtindio wa ubongo ni jambo jingine kabisa, linalohusu misuli na mwendo, na mwanangu hukimbia kuliko paka. Hakuna aliyempima.

Nilikataa. Mtoto huyu anaishi kwa utaratibu. Asubuhi hupanda bajaji ileile, ya kijana yuleyule, na siku moja kijana alipobadilisha kitambaa cha kiti kutoka bluu kwenda nyekundu, mwanangu alikaa chini barabarani na hakunyanyuka mpaka kitambaa cha zamani kilipofuatwa nyumbani kwa dereva. Nikamfikiria mtoto huyo katika bweni la watoto sitini, kengele ikigongwa, taa ikizimwa wasipotaka, chakula kisichofanana na cha jana. Tulitafuta kitengo katika shule ya msingi ya hapa mjini, tukasubiri miezi mitano, tukapata. Walimu wa kitengo ni wawili, mmoja alisomea Patandi, Arusha, na amemfundisha kujipangia siku yake kwa picha zilizobandikwa kwenye ubao wa plaiwudi: choo, uji, kuhesabu, kucheza, bajaji. Sasa anasoma maneno mafupi na anajua kununua andazi na kudai chenji. Sijui angejifunza hayo wapi kwingine, na jioni analala kitandani kwake.

Nauli ndiyo inayoniumiza. Elimu haina ada, lakini bajaji ina ada kila siku.

Kibao na Stailo

Habari zenu. Ninaandika kwa simu inayonisomea, kwa hiyo mkiona neno limekaa vibaya mnisamehe. Sioni tangu kuzaliwa, kwetu ni wilaya ya Masasi, na nilipelekwa bweni nikiwa na miaka saba. Kuhusu swali la mzee la kumpeleka au kutompeleka, ninaweza kusema lile ambalo waliopelekwa huwa hawaulizwi.

Usiku wa kwanza nililia, na usiku wa pili, kisha mtoto wa kitanda cha chini akanipandia na kunishika kidole, akakipitisha juu ya karatasi yenye vinundu, akaniambia hii ni "a", hii ni "b". Alikuwa na miaka tisa. Kabla ya kwenda kule sikuwahi kujua kwamba kuna njia ya mimi kusoma. Nilidhani kusoma ni jambo la macho kama lilivyo jua. Kwa kibao na stailo, yaani bamba lenye vitundu na kijiti cha kutobolea vinundu hivyo, unaandika ukitokea kulia kwenda kushoto, ukigeuza karatasi unasoma kushoto kwenda kulia, na nilipolielewa hilo nilijiona nimepewa siri ya serikali. Hakuna mwalimu kijijini kwetu ambaye angenipa hilo, hata angekuwa na upendo wa malaika. Kwa hiyo ninakubaliana na mwalimu: pale ambapo ufunguo wa kusoma haupo nyumbani wala shule ya jirani, mpelekeni mtoto pale ulipo.

Lakini darasani tulikuwa na wenzetu watatu wenye uoni hafifu, wawili kati yao wakiwa na ualbino, ambao walifundishwa nukta nundu, yaani maandishi hayo ya vinundu, kama sisi, na kila mwalimu alipogeuka walikuwa wakizisoma kwa macho, wameinamisha pua hadi kwenye karatasi. Hawakuhitaji nukta nundu. Walihitaji maandishi makubwa, kukaa karibu na ubao pasipo mng'ao wa dirisha, kofia, mafuta ya kukinga jua, na wengine miwani tu. Kuna watoto wenye ualbino waliopelekwa mabwenini kwa sababu ya usalama, hasa baada ya mauaji yaliyotikisa Kanda ya Ziwa tangu miaka ya 2006 na 2007, na hiyo ni sababu ya kweli ambayo siidharau. Ila usalama ukiwa ndiyo sababu, iandikwe hivyo, mtoto asije akageuzwa asiyeona kwenye makaratasi. Hata kwenye mitihani ya taifa Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu na za nukta nundu kwa wasioona, na shule ikikujaza katika orodha isiyo yako utaletewa karatasi ambayo huwezi kuisoma siku ambayo hakuna wa kuibadilisha.

Mpwa wa Mikindani

Shikamooni wakubwa. Dada yangu anaishi Leicester, Uingereza, na mwanawe ana usonji, kwa hiyo nimefuatilia utaratibu wa kule. Mtoto hupimwa kisha huandaliwa hati moja, mpango wa elimu, afya na malezi, chini ya sheria ya mwaka 2014. Ndani ya hati hiyo kuna sehemu inayotaja msaada atakaopewa na sehemu nyingine inayotaja jina la shule, na halmashauri imewekewa wiki 20 kuikamilisha tangu ilipoombwa. Mzazi asiporidhika na shule iliyotajwa, anakata rufaa kwenye baraza la kisheria. Msidhani ni pepo: katika Uingereza yenyewe, yaani bila Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, mwaka 2023 takriban nusu tu ya mipango mipya ilitolewa ndani ya wiki hizo 20, na dada yangu alingoja karibu mwaka mzima. Nililolipenda ni kwamba kuna karatasi moja, yenye jina la shule na tarehe ya mwisho, na mzazi anaishika mkononi.

Mwalimu wa Kitengo

Kijana, umesema jambo. Sisi hatuna hati hiyo moja, tuna barua nne zinazotembea kila moja na njia yake. Ndiyo maana ninasisitiza mzazi awe na faili lake nyumbani, hata likiwa bahasha ya kaki.

Mkulima wa Ufuta

Nawashukuru wote. Mama Bajaji, nimecheka kuhusu kitambaa kisha nikanyamaza. Kaka Kibao, mke wangu aliniomba nimsomee maandishi yako mara mbili.

Nimekwenda hospitali ya mkoa wiki iliyopita. Wametazama masikio, wakasema ni makavu na hayana usaha, na wametuandikia rufaa ya kipimo cha usikivu. Kuna jirani aliyeniambia kwamba Muhimbili wanapandikiza kifaa masikioni mtoto akasikia, je, ni kweli? Na narudia swali la mama yake kuhusu usalama bwenini, pamoja na gharama, maana nimeambiwa shule ni bure kisha nikasikia kuna orodha ya vitu.

Ustawi Mstaafu

Kuhusu kifaa hicho ni kweli kwamba Muhimbili ilianza upandikizaji huo mwaka 2017, lakini kinamfaa zaidi mtoto mdogo sana ambaye ubongo wake bado uko katika umri wa kujifunza kusikia, na baada ya upasuaji kuna mazoezi ya muda mrefu. Muulize daktari atakayempima, wala usisimamishe mambo ya shule kwa ajili ya kungojea jibu.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii katika wilaya za Kusini mpaka nilipostaafu, na nimewasindikiza watoto wengi shuleni. Ada haipo. Orodha ipo: godoro, mashuka, ndoo, sabuni, sare, viatu, madaftari, na fomu ya daktari. Cheti cha kuzaliwa kikikosekana, shughulikia sasa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kwa maana kila fomu utakayopewa mbele itakiuliza. Ukizidiwa, nenda kwa afisa ustawi wa halmashauri na barua ya mtendaji wa kijiji, ueleze kwa maandishi kitu gani hasa umeshindwa kununua. Mzazi anayesema "naomba msaada" hupewa pole, na anayesema "nimepata vyote isipokuwa godoro" nimemwona mara nyingi akipewa godoro.

Usalama unahitaji maneno zaidi. Kabla hujakubali nafasi, nenda ukalione bweni, tena nenda jioni badala ya asubuhi. Uliza matroni ni nani, analala wapi, na kama anajua lugha ya alama. Matroni asiyeijua hawezi kuambiwa kitu na mtoto kiziwi usiku. Tazama choo kiko umbali gani na kama njia ina taa. Tazama kama wasichana na wavulana wametenganishwa kwa ukuta au kwa ahadi. Uliza ni nani anayeruhusiwa kumchukua mtoto siku ya kufunga shule na kama kuna daftari la kusaini, na uandike majina mawili tu, lako na la mtu mmoja mwingine. Nimeona mtoto akikabidhiwa kwa "mjomba" ambaye hakuwa mjomba wa mtu yeyote, na namshukuru Mungu kwamba kondakta wa basi alikuwa na macho.

Jambo jingine ambalo watu wa mjini hawalifikirii: likizo. Mabweni hufungwa mwezi wa sita na wa kumi na mbili, na huku kwetu hizo ndizo nyakati za jando na unyago. Watoto viziwi huingizwa humo na wenzao bila mtu wa kuwafafanulia chochote, kisha huchelewa kurudi shuleni wiki mbili tatu. Mipango hiyo ya ukoo ipangeni mkijua tarehe za shule.

Kuhusu wasiwasi wa mama kwamba mtoto hawezi kusema lililompata: kwa sasa hawezi kulisema hata nyumbani, mzee. Akishapata lugha ataweza. Nimekuwa nikiwaambia wazazi hivyo kwa miaka mingi, na sikuwahi kuona ikiwa rahisi kwao kuisikia.

Mama wa Bajaji Moja

Mzee Mstaafu amenishinda kwa hoja hiyo ya mwisho, na nakiri kwamba mwanangu na binti huyu hawafanani. Mkulima, nina mashuka mawili ya kitanda cha futi mbili na nusu, hayajatumika. Niandikie pembeni.

Mkulima wa Ufuta

Ndugu zangu, ninarudi baada ya miezi mitatu, na safari hii ninaandika nikiwa na bahasha ya kaki mezani.

Kipimo kilifanyika. Masikio yote mawili hayapokei sauti mpaka ipite desibeli 90, kipimo cha ukubwa wa sauti, na daktari alisema kifaa cha kuvaa sikioni kinaweza kumsaidia kushtuka honi ya gari lakini si kusikia maneno. Mwalimu wa elimu maalumu alimkalisha binti yangu chini kwenye mkeka kwa saa nzima na nusu, na taarifa yake imetaja yale maneno mawili ya sheria. Barua ilitoka halmashauri yetu tarehe niliyoiona kwa macho kwenye kitabu cha dispachi, na nilipokwenda halmashauri ya pili wiki mbili baadaye nilitaja namba tu, faili likaletwa. Mwalimu mkuu aliniambia walioondoka darasa la saba ni kumi na mmoja na maombi aliyonayo ni thelathini na nne. Nusura nirudi nyumbani. Lakini alisoma taarifa ile mbele yangu, akauliza umri, akasema watoto wasio na lugha kabisa ndio wanaotangulizwa, na wiki iliyopita nimepokea barua ya kukubaliwa na fomu ya kujiunga. Anaanza Januari. Shule iko wilaya nyingine, mwendo wa saa tano kwa basi, na matroni anajua lugha ya alama kwa kuwa yeye mwenyewe ana kaka kiziwi.

Nimebakiwa na swali moja na naona aibu kidogo kuliuliza. Binti yangu hana lugha. Nitamwambiaje kwamba ninamwacha pale na kwamba nitarudi? Mtoto mwingine ungemweleza. Huyu ataona nimegeuka, nimepanda basi, basi. Mama yake anasema atadhani tumemtupa, na sina jibu la kumpa.

Mwalimu wa Kitengo

Mzee wangu, hilo si swali la aibu, na ni wazazi wachache wanaoliuliza.

Usimpeleke mara ya kwanza siku ya kumwacha. Mpeleke sasa, kabla shule haijafungwa, wakati watoto wamo. Mwache acheze nao mchana mzima. Utaona jinsi mikono yao itakavyomvuta. Kisha mrudi nyumbani pamoja, kwa basi lile lile, ili aione njia ile ikienda na kurudi. Siku hiyo mpige picha akiwa na wewe getini, na nyingine akiwa na mama yake mlangoni pa nyumba yenu, mzisafishe picha hizo studio, ziwe za kushika mkononi.

Halafu tafuta kalenda ya ukutani. Siku ya kufungua shule bandika picha ndogo ya geti, siku ya kufunga mwezi wa sita bandika picha ya nyumba, na kila jioni kuanzia leo mfute naye siku moja kwa kalamu. Hataelewa wiki ya kwanza. Utakapomwacha, kalenda iende naye, na umkabidhi matroni mbele ya macho yake, ili aendelee kufuta naye pale ulipoishia. Usiondoke kwa kumnyatia akiwa anacheza. Mwoneshe picha ya nyumba, mwoneshe siku, halafu uondoke akikuona, hata kama analia.

Mkulima wa Ufuta

Kalenda ninayo, ya chama cha msingi, ina picha ya mkorosho. Tunakwenda Alhamisi, sote watatu. Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.